Nani Akikalie Kiti cha Zaituni

Kaeni, na aliye mlangoni asogee ndani. Mimi naleta kisa. Hukumu mtaileta nyinyi, kwa sababu mwenye kisa ameshindwa kuitoa, na muda aliopewa unakwisha.

Katika ofisi moja mjini Tanga, inayotengeneza programu za kupokelea wagonjwa katika zahanati, walikuwapo wapimaji watatu. Kazi ya mpimaji ni kuisumbua programu hadi ioneshe udhaifu wake, kabla mgonjwa hajafika dirishani na kuambiwa jina lake halipo. Watatu hao walikuwa hodari, lakini kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho hakukisomea.

Mwanamvua alijua kufungua. Umletee jambo lililofungwa mafundo, ataligeuza huku na huku, atakuuliza maswali mawili ya jikoni, na fundo litalegea mbele ya macho yako.

Semboja alijua kushika. Alichokisikia leo angekirudia mwakani neno kwa neno. Tena hakuwa mchoyo: alijua pia kulipigilia jambo katika kichwa cha mwenzake lisitoke.

Saumu alijua kukaa. Msicheke, hicho nacho ni kipaji. Angeweza kukaa na mwenye homa, na mwenye hasira, na mwenye msiba, asiseme neno wala asitazame saa, na baada ya muda yule mtu akajikuta anapumua vizuri.

Wa nne alikuwa Singano, mpimaji mwenzao. Huyu hakuwa na kipaji chochote kati ya hivyo. Alikuwa na kiti cha kugawa.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mkewe, Zaituni, aliyekuwa mkuu wa wapimaji. Kilikuwa dirishani, na kwenye mgongo wake ilining'inia sweta ya kijivu aliyoivaa kujikinga na kiyoyozi. Zaituni aliugua wakati wa masika, hakuugua siku nyingi, akafa. Tangu siku hiyo hakuna aliyekikalia. Hata katika mikutano, viti vilipopungua, watu walisimama ukutani na kile kikabaki kama kilivyo, na sweta yake.

Sasa, kabla ya kuugua, Zaituni alikuwa amejiandikisha kufanya mtihani. Haukuwa mtihani wa kupima programu. Huo alikwisha kuufaulu zamani. Huu ulikuwa wa kupima upimaji wenyewe: ofisi inajuaje kwamba namna yake ya kupima ni nzuri, na inaiboreshaje? Wataalamu wametunga mifano mbalimbali ya kujibu swali hilo, na mtahiniwa hutakiwa kuijua yote, kuilinganisha, na kusema upi unafaa wapi. Bila mtu mwenye cheti hicho, ofisi isingepewa kazi ya zahanati za mkoa wa pili.

Arobaini ilipopita, mkurugenzi, Bwana Mhando, alimwita Singano.

"Bwana Singano, nisamehe kwa ninalotaka kusema."

"Sema tu."

"Ile nafasi ya marehemu ya mtihani. Nimewaandikia. Wanakubali jina libadilishwe, mradi awe mtu mmoja. Nimeona kama kuna wa kuirithi, ni wewe."

Singano alikuwa amegawa nguo za mkewe, vyombo vyake na mashine yake ya kushonea. Hakujua kwamba mtihani nao hurithiwa. Alikubali, akaondoka kabla chai aliyomiminiwa haijapoa.

Kitabu alichosoma kilikuwa kile kile cha Zaituni. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ukili, kile kinachobaki mtu anapomaliza kushona mkeka, na kilionesha alipoishia: katikati ya sura ya pili. Sura hiyo inaeleza mfano maarufu kuliko yote, ule wa ngazi. Unasema ofisi huanza chini kabisa, kila mtu anapima anavyojua, kisha hupanda hatua kwa hatua mpaka juu. Na sharti lake ni kali: usiweke mguu hatua ya juu kabla hujakamilisha yote yaliyo katika hatua ya chini.

Hapo Singano akafanya kosa ambalo mpimaji peke yake angeweza kulifanya. Alikisoma kitabu kama mfano wa ngazi unavyoamuru. Alisoma sura ya kwanza, akaingia ya pili, na kila alipoukaribia ule ukili aliona kuna jambo huko nyuma halijakaa sawa. Fasili moja inapingana na nyingine. Mchoro mmoja una mshale usioelekea popote. Akarudi mwanzo. Akasoma tena, akaukaribia ukili, akarudi mwanzo. Kati ya kurasa alisimama. Alikwenda kutazama kama bomba linavuja. Alikwenda kutazama kama geti limefungwa. Alifungua jokofu, akasahau alilofuata, akalifunga. Nusu ya muda ikapita namna hiyo.

Wa kwanza kugundua alikuwa Mwanamvua.

"Singano, umefika wapi?"

"Sura ya pili."

"Mwezi uliopita ulikuwa sura ya pili."

"Kuna mambo ya sura ya kwanza hayajatimia."

Mwanamvua alikichukua kitabu. Aliona kurasa za mwanzo zimelegea na kuchafuka kwa vidole, na za baada ya ukili bado zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani. Juu ya ukili hakusema chochote.

"Nyumbani kwangu nina vitanda vya mboga," alisema. "Mchicha, bamia, nyanya chungu. Mchicha ukichelewa kuota, niikataze bamia isizae?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kila kitanda kina wakati wake."

"Basi umekwisha kuuelewa mfano wa sura ya tatu. Huo hauna ngazi. Unatazama kila eneo la kazi peke yake: namna mnavyopanga, namna mnavyotoa taarifa, zana mnazotumia. Hapa mmekomaa, pale bado mnaota, na shamba ni lenu lile lile."

"Na wa sura ya nne?"

"Wa nne hauna hata vitanda. Unakuuliza, nyumba hii inakula nini? Inakula bamia? Haya, anza na bamia, mengine baadaye."

Singano alisimama, akaketi, akasimama tena. "Na ule wa tano?"

"Singano. Nani kakwambia kitabu ni ngazi? Fungua nyuma."

"Nyuma?"

"Anza sura ya mwisho, uje huku. Kitabu hakina bawabu."

Akafungua nyuma. Kurasa zile ngumu zikaachana moja moja, na kwa kuwa hakuna aliyemtangulia humo, hakuwa na mahali pa kuogopa kupapita. Alisoma kinyumenyume, sura baada ya sura, na mambo yakafunguka. Siku moja akajikuta ameufikia ule ukili kutoka upande wa pili, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kwa mlango wa uani. Aliutazama kwa muda. Kisha akasoma ukurasa wa kushoto, na baadaye wa kulia.

Lakini kuelewa si kukumbuka. Aliyoyaelewa jioni, asubuhi hayakuwapo. Tangu masika kichwa chake kilikuwa hivyo: angeweza kukueleza mfano wote kwa ufasaha, kisha ukimwuliza jina la hatua yake ya nne akakukodolea macho. Na mtihani huuliza majina.

Semboja hakumpa pole. Alimvizia saa ya chai, mbele ya watu.

"Kitendawili!"

Singano aliinua kikombe. "Semboja, sina hali hiyo."

"Kitendawili, mzee, watu wanasubiri!"

"Haya, tega."

"Nyumba yangu ina ghorofa tano. Wa chini hajui kesho itakuwaje. Wa juu kabisa haamini kwamba leo imetosha."

Singano alijua kwamba anajua. Neno halikuja.

"Hujui? Nipe mji."

"Chukua Muheza."

"Muheza kuna machungwa, naupokea. Jibu ni mfano wa ngazi: chini vurugu, juu kuboresha bila kukoma. Kesho utanipa mji gani?"

Kesho yake Singano alitoa Korogwe. Ikafuata Handeni. Pangani ilipokwenda, ofisi nzima ilipiga makofi, na Semboja akatangaza kwamba Jumapili atakwenda kukagua minazi yake. Akatega vigezo vya kuanza kupima na vya kumaliza, akatega majina ya hatua, akatega tofauti za mfano na mfano. "Mimi huzaliwa siku moja na wazo la mteja, nikakua pamoja na programu, ila wengi huniita ikishakufa." Huo ni upimaji unaoanza mahitaji yanapoandikwa, na hapo Singano alipoteza Lushoto.

"Lushoto nimeitaka siku nyingi," alisema Semboja. "Nitapumzika na baridi. Sasa, katika miji ya mkoa huu, umebakiwa na nini? Tanga tu. Nipe Tanga tumalize."

"Tanga siitoi," alisema Singano.

Wote walijua nani amelazwa katika ardhi ya Tanga.

Semboja alikoroga chai yake iliyokuwa imekwisha korogwa. "Basi ilinde," alisema.

Akailinda. Siku iliyofuata alijibu viwili na kurudishiwa Muheza na Handeni. Wiki ilipokwisha alikuwa na Korogwe. Pangani ilirudi kwa mabishano, Lushoto kwa kiapo, na mwishowe ni Semboja aliyeulizwa mbele ya watu na kukosa, akatoa Tabora, mji ambao hata haukuwa katika mchezo.

Lakini kufahamu na kukumbuka havimsaidii mtu asiyeweza kukaa. Singano alikuwa na jaribio la mtihani la kufanya kila adhuhuri, na hakuwahi kulimaliza hata moja. Maswali yakianza kuwa marefu, miguu yake iliamka. Angesimama katikati ya sentensi, na asirudi.

Saumu alikuwa mdogo wake Zaituni, tumbo moja. Alihamisha chakula chake cha mchana akakileta katika chumba cha mikutano, akaacha mlango wazi, akaketi upande wa pili wa meza. Singano alianza jaribio. Baada ya muda akasimama. Saumu naye akasimama.

"Shemeji, unakwenda wapi?" Singano aliuliza.

"Unakokwenda."

"Mimi nakwenda kutazama geti."

"Twende tukalitazame."

Wakatoka wote wawili. Mlinzi akawatazama. Geti lilikuwa limefungwa. Wakarudi. Singano alijibu maswali machache, akasimama tena. Saumu akafunika bakuli lake la wali, akasimama.

"Safari hii nakwenda bombani."

"Nami nina kiu."

"Saumu, watu watasema."

"Watasema nini? Kwamba Singano na shemeji yake wamehamia getini? Wewe kaa, tusisemwe."

Aliketi kwa hasira. Ikawa hivyo siku nyingi: akisimama, Saumu anasimama; akitembea, anatembea, bila lawama. Ni vigumu mtu kuhangaika huku ana kivuli kinachobeba bakuli la wali. Siku moja Singano alimwuliza kama hachoki.

"Hata mimi sijui pa kuweka miguu, shemeji," alisema Saumu. "Ila nimeona wawili wakihangaika pamoja, mmoja huchoka mapema. Nangoja uchoke."

Siku hiyo alimaliza jaribio. Alipoinua kichwa, wali wa Saumu ulikuwa umepoa, na yeye bado alikuwa pale.

Mtihani ulifanyika Dar es Salaam, katika chumba kidogo chenye vibanda vya mbao, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia naye. Swali moja lilieleza ofisi iliyolazimishwa ngazi isiyoifaa, likauliza dawa yake. Singano akaona mchicha na bamia, akajibu. Jingine lilitaka majina ya hatua kwa mpangilio. Akazipita kama mtu anayepita Muheza, Korogwe, Handeni, na hakupoteza mji. Likaja swali refu mno, la kurasa kadhaa. Miguu ikaamka. Alikwisha sukuma kiti nyuma, na msimamizi alikwisha mtazama. Mbele yake palikuwa na kibanda kitupu. Akawaza: nikisimama, Saumu naye atasimama, na bakuli lake. Akavuta kiti, akaendelea hadi mwisho.

Alifaulu. Alifaulu kwa alama ile ile ya kufaulia, bila moja ya akiba.

Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kigumu.

Cheti kilipofika, kazi ya mkoa wa pili ikaja, na pamoja nayo amri kutoka makao makuu. Bwana Mhando aliisoma akiwa amesimama. Wapimaji wanahamia Dodoma. Tanga watabaki wawili tu: Singano, ambaye sasa ndiye mkuu, na msaidizi wake.

"Msaidizi atamchagua Singano mwenyewe," alisema. "Meza zitabaki mbili, kwa hiyo atakaa pale." Alielekeza dirishani, bila kukitazama kiti. "Nataka jina Ijumaa asubuhi. Nisipopata jina, wanakwenda wote watatu, na samani zilizobaki zinawafuata."

Hakuna aliyetaka Dodoma. Mwanamvua alikuwa na shamba lake na wanawe wawili shuleni. Semboja alikuwa na mama asiyeona, aliyeijua nyumba yake ya Tanga kwa kupapasa kuta, na nyumba nyingine asingeijua tena. Saumu alikuwa na wazazi waliokwisha kuzika mtoto mmoja mwaka ule, wakabakiwa naye.

"Sitaki huruma," alisema Mwanamvua wakiwa kwenye chai. "Nataka haki. Mtu huyu alikuwa amesimama mlangoni mwa kitabu. Ni nani aliyemfungulia? Bila mimi, Semboja ungemkumbusha nini? Sura ya kwanza?"

"Kumfungulia ulimfungulia," alisema Semboja. "Na yote yakamwagika. Mwanamvua dada yangu, kumwelewesha mtu asiyeshika ni kuteka maji kwa pakacha. Mimi ndiye niliyeziba."

"Uliziba kwa kumnyang'anya miji."

"Na nimemrudishia yote. Hata Tabora nimempa!"

Wakacheka, kisha wakakumbuka wanabishania nini, wakaacha. Walipomtazama Saumu, alisema taratibu, "Wewe ulimfungulia, na wewe ukamzibia. Nani aliwashikia mtu wenu asikimbie?"

Kwenye meza ya pili mtu akanong'ona, na mnong'ono wa ofisini hauna adabu, husikika. "Huyo ndiye atakayepewa. Si ndiyo desturi? Dada akifa, mdogo anarithi. Anaanza na kiti."

Saumu alisikia. Singano naye alisikia, akasimama, akaenda getini. Safari hii hakuna aliyemfuata mara moja. Saumu alikuja baadaye, akasimama mbali kidogo, mahali ambapo mlinzi aliweza kuwaona wote wawili.

"Shemeji," alisema, "ukinipa, usinipe kwa sababu ya dada. Na ukininyima, usininyime kwa sababu ya maneno yao. Nipime kama utakavyowapima wenzangu."

Basi Singano akawapima. Alifanya wafanyavyo wapimaji wanapotaka kujua kiungo kipi kinabeba mzigo: toa kimoja, uone kama kitu kizima kinaanguka. Akamwondoa Mwanamvua katika mawazo yake. Alijiona mbele ya ukili, akirudi mwanzo, mtihani ukaanguka. Akamrudisha, akamwondoa Semboja. Alijiona anaelewa swali na kukosa jina, na alama moja ilitosha kumwangusha, mtihani ukaanguka. Akamrudisha, akamwondoa Saumu. Alijiona anasukuma kiti, anatoka, anatafuta geti katika mji ambao si wake. Ukaanguka vilevile. Alirudia kwa mpangilio mwingine, akapata jibu lile lile.

Akawaza kuacha kiti kitupu, na wazo hilo lilimpendeza kuliko yote. Hapo ndipo alipolitilia shaka. Kiti kitupu kingewapeleka watatu Dodoma, na chenyewe kingewafuata.

Leo ni Ijumaa. Singano amefika mapema. Ameitoa ile sweta kwenye mgongo wa kiti, ili yeyote atakayekaa hapo asikute mtu mwingine; ameikunja, ameikunjua, ameikunja tena. Ukili ameuchomoa kitabuni na kuutia katika mfuko wa sweta. Watatu wale wako katika meza zao na wanajifanya wanafanya kazi. Hatua za Bwana Mhando zinasikika kwenye ngazi.

Kuna kanuni moja katika kazi yao, ya zamani kuliko mifano yote ya kile kitabu: aliyekijenga kitu hakipimi mwenyewe, kwa kuwa jicho lake limekwisha kukipenda. Watatu wale walimjenga Singano, hivyo hawawezi kusema nani alijenga zaidi. Na Singano ndiye kitu chenyewe kilichojengwa. Aliwapima, na kipimo chake kikamwambia wote ni sawa. Kwa kanuni hiyo anatakiwa mtu wa nje, ambaye hakufungua, hakushika, hakukaa, wala hakufiwa.

Mtu huyo ni wewe uliyeketi hapa tangu mwanzo. Mlango unafunguliwa. Singano amesimama na sweta mkononi, na mdomo wake umekwisha kuanza kutamka. Atamke jina la nani?